Vidole vyangu vinatoa kitu cheupe, huyu anasema gauti, yule anasema maziwa, nishike lipi?

SWALI

Shikamoo dokta, natumaini uko salama. Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, ni fundi cherehani na hiyo ndo kazi inayotulisha mimi na wanangu, sasa naona kazi yenyewe inataka kunishinda na kila ninayemuuliza ananiambia lake.

Ilianzia dole gumba la mkono wa kulia, ile nyama ya kwenye ncha, kikatokea kitu kidogo kigumu ndani ya ngozi, ukikibonyeza kinauma na hakisogei. Nikajua ni sugu ya mkasi nikakipuuza. Afu kikaja cha pili kwenye kidole cha shahada, na sasa hivi kuna vingine kwenye kiwiko hapa ninapoegemeza mkono mezani. Kile cha dole gumba kikawa kinauma mpaka nashindwa kusukuma kitambaa chini ya sindano, siku moja ngozi ikawa nyembamba naona weupe kwa ndani, nikachukua sindano nikaipitisha kwenye moto nikakitoboa. Haikutoka damu wala usaha, kilitoka kitu cheupe kizito kama chaki iliyoloweshwa maji, na ndani yake kuna vipunje vigumu ukivisugua kwenye vidole vinakwaruza. Maumivu yakapungua palepale. Basi toka hapo kikijaa natoboa, ila safari hii kidonda kimegoma kufunga, pembeni kumekuwa kwekundu na usiku kinapwita sana.

Hospitali nilienda. Daktari aliangalia tu vidole akasema hii ni gauti, akapima asidi ya uriki ikaja kawaida, akasema wakati mwingine inajificha, akanipa alopurinoli na kolchisini. Kweli uvimbe ulipungua lakini vile vigumu viko vilevile. Dada yangu yeye anasema kalsiamu imenizidi mwilini kwa sababu mimba zote mbili nilimeza vidonge vya kalsiamu na maziwa nayapenda, akaniambia niache maziwa kabisa na niloweke mikono kwenye siki ili iyeyuke. Maziwa nimeacha, siki imenichubua tu. Na shoga yangu wa kazini akanigawia prednisoloni zake, nikimeza najisikia mwepesi kwa hiyo nameza nikizidiwa.

Labda niseme na hili ingawa sidhani kama linahusiana. Mi na baridi hatupatani toka zamani, nikishika maji ya baridi vidole vinakuwa vyeupe pee, vinakufa ganzi, vinageuka bluu, afu vinarudi vyekundu huku vinachoma. Pete ya ndoa siku hizi haiingii wakati wala sijanenepa. Na kiungulia usiku hakiniachi, hata chakula kikavu mpaka nikisukumie na maji ndo kishuke.

Sasa dokta naomba unisaidie, hii ni gauti au ni maziwa? Itaondoka? Na kazi yangu je, niiache? Na binti yangu ana miaka 14, naogopa nisije nikawa nimemwambukiza maana tunalala pamoja na taulo ni moja.

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa maumivu na kwa huko kuzungushwa.

Kabla ya mengine yote, hiyo sindano iweke chini. Najua inakupa nafuu, kile kitu, ambacho nahisi ni kalsiamu iliyojikusanya ndani ya nyama na nitakueleza chini kwa nini, kikiwa kimebana kwenye ncha ya kidole ambako hakuna nafasi, kikitoka kidogo tu mtu anapumua, nakuelewa kabisa. Lakini sehemu kalsiamu inapojikusanya kwa namna hiyo kwa kawaida damu haifiki vizuri, ndo maana tundu lako halifungi, na kwenye ncha ya kidole kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye mfupa ni padogo mno, vijidudu vikishuka vinaweza kuingia kwenye mfupa wenyewe na hapo tutakuwa tunaongea habari nyingine. Wekundu pembeni na kupwita usiku ni dalili kwamba pengine vijidudu vimeshaingia kwenye kidonda. Usisubiri wiki ijayo, nenda leo au kesho akuangalie mtu, huenda ukahitaji antibiotiki. Kwa sasa osha kwa maji safi na sabuni, kausha taratibu, funika na gozi safi, na siki achana nayo kabisa, haiwezi kupenya ngozi ikayeyushe kitu kilichokaa ndani, kazi yake ni kuchubua tu kama ulivyoona. Siku kikipasuka chenyewe kiache kitiririke, osha, funika, usikamue.

La pili ni hizo prednisoloni za shoga yako, na hili limenitisha kuliko kidonda. Nitakueleza chini ninachokihisi, na kama nimehisi sawa basi dawa za jamii hiyo, yaani steroidi, hasa ikivuka miligramu 15 kwa siku, zinaongeza hatari ya figo kushambuliwa ghafla, presha inapanda kwa kasi, kichwa kinauma vibaya, macho yanaona ukungu, mkojo unapungua. Kwa hiyo usimeze tena za kugawiwa. Ila kuna jambo hapa naomba ulisome vizuri, kama umekuwa ukizimeza kila siku kwa wiki kadhaa mfululizo usizikate kwa mkupuo, mwili unakuwa umezizoea, mwambie daktari ukweli wote akushushe polepole. Na presha ipimwe hiyohiyo siku unayoenda kwa ajili ya kidonda.

Sasa tuje kwenye gauti, ule ugonjwa wa viungo unaoletwa na chembe za asidi ya uriki. Simlaumu sana daktari, maana gauti ya muda mrefu nayo inatoa vivimbe vyenye kitu cheupe na kwa macho tu vinafanana mno, na ni kweli asidi ya uriki inaweza kusoma kawaida wakati kiungo kimewaka. Lakini mwanamke wa miaka 41 ambaye bado anapata siku zake na figo zake nzima kupata gauti ya kufikia kutoa vivimbe ni nadra, homoni ya kike inasaidia figo kuitoa hiyo asidi. Na wewe hukunitajia hata mara moja kiungo kuvimba ghafla usiku kikawa cha moto hakigusiki. Kilichowachanganya nadhani ni kolchisini. Ile dawa inatuliza uvimbe unaoletwa na chembe za asidi ya uriki, sawa, lakini inatuliza pia uvimbe unaoletwa na chembe za kalsiamu, kwa hiyo kupata nafuu kwako hakuthibitishi kwamba ni gauti.

Kinachotenganisha hivi vitu viwili ni eksirei ya kawaida kabisa ya mikono, na nimesoma barua yako mara mbili kutafuta kama uliwahi kupigwa sijaona. Kalsiamu kwenye picha inang'aa nyeupe wazi kwenye nyama pembeni ya mfupa, wakati kivimbe cha gauti mara nyingi kinaonekana kama kivuli hafifu. Omba hiyo picha, mikono yote miwili na kiwiko. Na kile kitu cheupe kikitoka chenyewe hospitalini wanaweza kukipeleka maabara kukiangalia kwenye hadubini, chembe za gauti zina umbo la sindano, zinajulikana.

Maziwa je? Mwambie dada yako kwa upole kwamba hapana. Mtu mzima ana karibu kilo 1 ya kalsiamu mwilini na asilimia 99 iko kwenye mifupa na meno, ile ndogo iliyobaki kwenye damu inalindwa kwa ukali sana na tezi nne ndogo zilizoko shingoni, haitoki kwenye takribani milimoli 2.2 mpaka 2.6 kwa lita hata ukinywa maziwa leo na kesho usinywe. Ukiacha maziwa bila kula kitu kingine chenye kalsiamu, zile tezi zinaenda kuichukua kwenye mifupa yako, na vile vigumu vya vidoleni havipungui hata chembe. Vidonge vya mimba zako navyo visikusumbue roho. Kwenye hali ninayoihisi kwako kalsiamu ya damu inakuwa kawaida, fosfati, yaani madini mengine ya mwilini, kawaida, tatizo liko kwenye nyama yenyewe. Nyama iliyokosa damu ya kutosha kwa muda mrefu, au inayoumizwa kidogo kidogo kila siku, seli zake zinakufa, zikifa kalsiamu inaingia ndani yake kwa wingi inakutana na fosfati iliyokuwa humo, vinashikana vinakuwa chembe ngumu, leo chembe kesho punje. Ndo maana inapenda ncha za vidole, viwiko, magoti, sehemu zinazogongwa na kubanwa. Na wewe dole gumba linasukuma kitambaa kutwa nzima.

Sasa swali ni kwa nini damu haifiki vizuri vidoleni, na jibu nadhani umelileta mwenyewe kwenye ile aya uliyosema huoni kama inahusiana. Hiyo aya ndo imenifanya nikujibu wewe kwanza kabla ya wengine. Vidole vinavyogeuka vyeupe, bluu, kisha vyekundu kwa baridi vinaitwa hali ya Raynaud, daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliielezea mwaka 1862, na wanawake wengi wanayo peke yake bila ugonjwa wowote nyuma yake. Lakini Raynaud, pamoja na vigumu vya kalsiamu, pamoja na pete isiyoingia ambayo inaniambia ngozi ya vidole imevimba au imeanza kukaza, pamoja na kiungulia na chakula kisichoshuka, jamani hivyo vinne vikikaa kwa mtu mmoja siwezi kuviita bahati mbaya nne tofauti. Vinaelekeza kwenye skleroderma, ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia unaokaza ngozi, ile aina yake inayokwenda polepole ambayo madaktari wengi wanaiita CREST, kwa herufi za kwanza za dalili zake tano kwa Kiingereza. Jiangalie pia usoni na viganjani kama kuna vidoa vidogo vyekundu ambavyo ukivibonyeza vinapotea afu vinarudi, hicho ndo kitu cha tano. Kwamba vigumu hivi vinaendana na ugonjwa huo si habari mpya, Wafaransa wawili Thibierge na Weissenbach waliandika mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1964 Mmarekani Winterbauer akavikusanya karibu vyote pamoja.

Sisemi unao. Kwa barua siwezi kusema hivyo. Nasema hakuna aliyeviangalia pamoja, kila mmoja ameangalia kidole akakomea kidoleni.

Anayefaa kukuona ni bingwa wa magonjwa ya viungo na kinga ya mwili, na kama hayupo karibu nawe basi daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anatosha kuanzia. Atagusa ngozi ya vidole vyako, na anaweza kukudondoshea tone la mafuta kwenye mzizi wa kucha aangalie kwa lenzi vile vimishipa vidogo kabisa vya damu, kwa mtu mzima wa afya vimejipanga vizuri vyembamba, kwenye skleroderma unakuta vingine vimetanuka na kati yake kuna mapengo. Kipimo hakiumi na kinaeleza mengi. Damu watapima kalsiamu, fosfati, vitamini D, homoni ya parathiroidi, ile ya zile tezi nne za shingoni, na figo, hivi ni vya kuhakikisha chanzo hakiko kwenye damu. Halafu kingamwili zinazoweza kuushambulia mwili wenyewe, kile kipimo cha ANA na ile inayoitwa ya sentromia ambayo ndo inaendana sana na aina hii. Ikithibitika, kabla hata ya kuhangaika na vidole aangalie mapafu na moyo, kwa sababu presha ya mishipa ya mapafu inaweza kupanda kimyakimya, mtu anajiona anachoka tu kupanda ngazi, kwa hiyo kipimo cha kupuliza hewa na eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ni vitu vya kurudiwa kila mwaka hata ukijisikia mzima.

Kuhusu kuondoka, nisikudanganye. Mpaka leo hakuna dawa ya uhakika inayofuta kalsiamu iliyokwishakaa kwenye nyama. Madaktari wanajaribu dilitiazemu ambayo ni dawa ya presha, wanajaribu antibiotiki ya minosaiklini kwa dozi ndogo, kolchisini unayoijua kwa ajili ya uvimbe, sodiamu thiosalfeti ya kupaka au kuchoma palepale, na matokeo yanatofautiana, huyu kapata nafuu yule hakuona kitu. Kile kinachouma sana au kinachojirudia kuota usaha kinaweza kutolewa na daktari wa upasuaji wa mikono, ila aambiwe kabla kwamba damu yako ya vidoleni ni hafifu maana kidonda kitachelewa kupona, na kingine kinaweza kuja pembeni yake. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kuwahi kile kilicho nyuma yake, yaani vidole vipate damu. Joto, si la mikono tu, kifua na tumbo vikipata baridi vidole navyo vinajibana, vaa nguo ya ziada ndani, soksi, glavu ukigusa cha baridi. Kama unavuta sigara au kuna anayevuta ndani, iishe. Daktari anaweza kukuandikia nifedipini ya kufungua mishipa. Kiungulia kina dawa zake, na inua upande wa kichwa wa kitanda, usile ukaenda kulala hapohapo. Alopurinoli usiiache kwa maneno yangu, mpelekee atakayekuona aamue.

Kazi usiiache, mdogo wangu, sioni sababu. Ibadilishe kidogo. Vaa kastabini dole gumba na kidole cha shahada hata kama unasukuma kwa mashine, weka kitambaa kinene pale unapoegemeza kiwiko, mkasi tafuta wenye mshikio mpana uliofunikwa mpira, kazi ya kushona kwa mkono igawe, usiimalize kwa mkao mmoja. Na kidonda kikiwa wazi kidole hicho kipumzike, kweli kipumzike.

Naomba niongee kidogo na wasomaji wengine kwa sababu barua za vigumu visivyoeleweka zinakuja nyingi na si vyote ni vya huyu dada. Mwenye ugonjwa wa figo akiota uvimbe mkubwa mgumu nyongani au begani, hapo hesabu ni tofauti, fosfati inapanda kwa sababu figo hazitoi, na yeye ndo wa kubanwa kwenye vyakula vyenye fosfati na kupewa dawa za kuizuia tumboni. Akitokewa na madoa ya zambarau kwenye ngozi yanayouma kupita kiasi na kugeuka meusi hiyo ni dharura, aende siku hiyohiyo, hasa kama anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mtoto aliyekuwa na misuli dhaifu na upele kwenye kope za macho na kwenye vifundo vya vidole akianza kuota vigumu chini ya ngozi, kinachotibiwa kwa nguvu ni ule ugonjwa wa misuli na ngozi, na akiwahiwa uwezekano wa kuota vigumu unapungua. Na aliyeumia paja kwa kugongwa, misuli ikawa ngumu wiki chache baadaye, asikubali kukandwa kwa nguvu, pale unaweza kuwa unaota mfupa ndani ya misuli na kukanda kunauchochea.

Binti yako hujamwambukiza na huwezi kumwambukiza, si kwa taulo, si kwa kulala pamoja, si kwa hicho cheupe kikimgusa. Magonjwa ya kinga kujishambulia yanaonekana zaidi kidogo kwenye baadhi ya familia lakini watoto wengi mno wa wenye skleroderma hawaupati. Kama vidole vyake navyo vinageuka vyeupe kwa baridi mtaje siku hiyo, kama havigeuki mwache na utoto wake. Taulo tenganisheni tu kwa ajili ya kidonda chako kisichafuliwe.

Ukienda beba majibu yote ya zamani, beba na vidonge vyenyewe kwenye pakiti zake, pamoja na hizo za shoga yako usione aibu. Na kabla ya kwenda, siku vidole vikigeuka vyeupe vipige picha na simu palepale, maana ukifika kwenye chumba chenye joto vitakuwa vimesharudi kawaida na daktari hataona ulichokiona wewe. Majibu ya eksirei na ya kingamwili yakitoka niandikie, nitakujibu moja kwa moja bila kusubiri zamu.